Maudhi madogo madogo: madogo kwa nani?

Maneno haya, juu ya madhara ya dawa, niliyasema mbele ya wagonjwa wa kuvimba utumbo na ndugu zao, Dar es Salaam, tarehe 19 Mei, siku ambayo duniani huadhimishwa kwa ajili ya maradhi haya. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikaongeza machache niliyoulizwa baadaye.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, na ninyi mnaowauguza, habari za asubuhi. Kabla ya yote: choo kiko mkono wa kulia ukitoka mlango ule wa nyuma. Kiko wazi, maji yapo, na hakuna atakayegeuza shingo ukiinuka. Najua wengi wenu mmefika hapa kwa kuhesabu vituo vya mafuta vyenye choo njiani. Inukeni wakati wowote, mimi nitaendelea kuongea.

Nimekuja na bahasha. Ni ile bahasha ndogo ya dawa mnayoijua, ya kaki, ukubwa wa kiganja. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya bluu: Pred, 8×1. Ndani yake vilikuwemo vidonge 56. Mwandiko huu ni wangu. Niliyempa ni mdogo wangu, tumbo moja, fundi cherehani wa hapa hapa mjini.

Alikuwa ametoka mbali. Kwa karibu miaka miwili choo chake kilikuwa cha damu na makamasi, na miaka yote hiyo alitibiwa amiba. Metronidazoli, ikiisha, metronidazoli tena, katikati dawa za taifodi. Hadi siku alipopigwa kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana ndipo tukaambiwa jina: kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana kuvimba na kupata vidonda. Akaandikiwa prednisoloni miligramu 40 kwa siku. Vidonge vyetu ni vya miligramu 5, kwa hiyo vinane kila asubuhi. Nikahesabu vya wiki moja, nikafunga, nikaandika, nikamwambia, "Kunywa na chakula." Mimi mfamasia, wakati ule nikiwa na miaka 13 kazini, kwa mdogo wangu mwenyewe, nilisema maneno matatu tu. Bahasha zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo.

Wiki haikuisha, damu ikakata. Tulimshukuru Mungu. Wiki ya tatu mashavu yakaanza kujaa, uso ukawa wa duara. Kwenye harusi ya jirani wanawake wakamzunguka: "Mwenzetu umenawiri! Unakula nini?" Kumbe huyu anayesifiwa hajalala siku kumi. Alikuwa anashona hadi saa tisa za usiku kwa sababu usingizi haupo, anakula sufuria nzima ya wali na bado ana njaa, analia mbele ya wateja na hajui analilia nini. Halafu siku moja saluni mtu akamwambia vidonge vile vinakula mifupa. Akarudi nyumbani, akavimwaga kwenye ndoo ya taka vyote. Hakuniambia. Baadaye alinieleza kwamba aliona haya, kwa kuwa mimi ndiye niliyempa.

Siku ya nne akaanguka mbele ya cherehani yake. Presha chini, sukari chini, anatapika, jasho la baridi. Daktari wa zamu alipouliza mgonjwa anatumia dawa gani, hakuna aliyejua. Jirani aliyempeleka akapekua mkoba wake, akatoa hii: Pred, 8×1. Namshukuru sana yule daktari, maana aliisoma akaelewa papo hapo. Akamwekea haidrokotisoni kwenye mshipa, na drip. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa kitandani anaomba uji.

Nimeitunza bahasha hii miaka sita. Huwa naiweka mezani kwangu, karibu na dirisha la kutolea dawa.

Sasa niwaambie kilichotokea, maana hata leo yeye husimulia kwamba "dawa ilimdhuru", na si kweli kabisa. Juu ya kila figo kuna tezi, imekaa kama kofia. Tezi hizo hutengeneza kila siku homoni inayoshika presha, sukari, na nguvu ya mwili kuhimili shida. Prednisoloni ni binamu wa homoni hiyo. Ukiinywa wiki nyingi, tezi huona kazi imeshafanywa, hulala. Ukiikata ghafla, dawa imeondoka na tezi bado imelala. Mwili unabaki bila kitu. Ndiyo maana dawa hii hushushwa ngazi kwa ngazi: vinane, saba, sita, mara nyingi kidonge kimoja kila wiki, hadi tezi iamke. Maelezo haya hayakuchukua hata dakika moja, nimeangalia saa. Dakika hiyo sikumpa mdogo wangu.

Na mifupa? Yule wa saluni hakudanganya. Prednisoloni ya muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na presha, inaweza kuleta mtoto wa jicho, na hufungua mlango kwa maambukizi. Ndiyo maana haifai kuwa dawa ya miaka. Ni dawa ya kuzima moto, kisha unahamia dawa nyingine ya kuulinda utumbo. Kama unasikia mgonjwa amekaa na prednisoloni mwaka mzima kwa sababu kila akishusha damu inarudi, hiyo ni alama ya kumrudisha kwa daktari bingwa, mpango wake ubadilishwe. Lakini yule wa saluni alisema nusu ya habari, na mimi niliyekuwa na habari nzima nilikaa kimya. Nusu hiyo ndiyo iliyomfikia.

Nataka tulitazame neno tunalotumia. Kliniki za uzazi wa mpango, kliniki za ARV, madirishani kwetu famasi, tunasema "maudhi madogo madogo". Muuguzi anamwambia mama, "Utapata maudhi madogo madogo, yatapita." Neno lina huruma ndani yake, lilitungwa ili mtu asiogope. Lakini madogo kwa nani? Kwa mshonaji asiyelala siku kumi? Kwa kijana ambaye uso wake umebadilika hadi mama yake anamtazama mara mbili? Tukishaliita dogo, mgonjwa anajifunza kwamba kulisema ni kulalamika. Na ubaya mwingine, neno hilo hufunika vyote kwa shuka moja: kichefuchefu cha wiki mbili na homa inayoweza kuua vinalala pamoja. Mgonjwa hawezi kutofautisha kipi cha kuvumilia na kipi cha kukimbilia hospitali usiku huu.

Na kila dawa ina amri yake. Prednisoloni nimesema: usikate ghafla, hata uso ukivimba. Sasa sikilizeni ya azathioprini, dawa ambayo mdogo wangu anaitumia mpaka leo. Wiki za kwanza kichefuchefu ni cha kawaida. Kunywa baada ya chakula cha jioni, wengi huwapungua. Lakini katika wiki hizo hizo za kwanza, yakikushika maumivu makali juu ya kitovu, yakichoma hadi mgongoni, pamoja na kutapika, huenda ni kongosho limevimba. Hapo unaacha dawa siku hiyo hiyo na unakwenda hospitali, na jina la dawa hiyo unaliandika mahali ili usije ukapewa tena maishani. Amri mbili zinazopingana, dawa mbili, na mara nyingi mgonjwa yule yule anazimeza zote mbili kwa wakati mmoja. Mtu aliyeambiwa tu "maudhi madogo madogo" atajuaje?

Azathioprini ina jambo jingine ambalo hapa kwetu linahitaji kusemwa kwa sauti. Inapunguza nguvu ya uboho kutengeneza seli nyeupe. Kwa walio wengi inapunguza kwa kiasi, na ndivyo inavyotuliza utumbo. Kwa wachache, waliozaliwa na miili isiyoivunja dawa hii vizuri, seli zinaporomoka hadi mtu anabaki hana askari. Ndiyo sababu ya vipimo vya damu vya mara kwa mara miezi ya mwanzo, kisha kila baada ya miezi michache. Sasa, sisi mtu akipata homa tunafikiria malaria. Anapita duka la dawa, ananunua dozi ya mseto, anameza, anangoja. Wewe uliye kwenye azathioprini usingoje. Homa, koo linauma, vidonda mdomoni, michubuko isiyoeleweka: pima malaria, sawa, lakini siku hiyo hiyo omba na kipimo cha damu chenye hesabu ya seli nyeupe, na umwambie anayekupima unatumia dawa gani. Wenye ualbino, na yeyote anayefanya kazi juani, mwambieni daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa dawa hii huongeza hatari ya saratani ya ngozi, na jua letu mnalijua.

Kuna kisa cha azathioprini ninachokipenda. Iligunduliwa na kundi la Gertrude Elion na George Hitchings, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Maabara yao hiyo hiyo ilitoa alopurinoli, dawa ya jongo. Na dawa hizi mbili zilizotoka nyumba moja hazipatani tumboni mwa mtu: alopurinoli huzuia kimeng'enya kinachoivunja azathioprini, basi azathioprini inarundikana kana kwamba umeongeza dozi mara tatu au nne. Mzee ana maradhi ya utumbo, anahudhuria hospitali moja. Kidole gumba cha mguu kinavimba, anakwenda kwa daktari mwingine, anaandikiwa dawa ya jongo. Hakuna aliyekosea dozi yake. Kilichokosekana ni mtu mmoja kusema, "Dokta, nina na hii nyingine." Wapo mabingwa wanaozitumia pamoja makusudi, kwa dozi iliyokatwa sana na vipimo vya karibu, lakini hiyo ni kazi ya bingwa.

Naona mikono. Maswali baadaye, nawaomba, nisije nikasahau la akina baba.

Salfasalazini. Dawa ya zamani, ya bei nafuu, na wengi wenu ndiyo mnayoitumia. Ilibuniwa na Nanna Svartz, daktari wa Stockholm, kwa ajili ya viungo vinavyouma, kisha akaona na wenye maradhi ya utumbo wanapata nafuu. Ni dawa mbili zilizoshikanishwa: moja ya jamii ya salfa, ya pili ndiyo inayotibu utumbo. Mwaka 1977 watafiti wa Oxford walionyesha hivyo, na ndivyo mesalazini ilivyopatikana, sehemu inayotibu peke yake. Ile salfa ndiyo yenye sehemu kubwa ya matata: kichwa, kichefuchefu, vipele. Mkojo unakuwa wa rangi ya chungwa, usishtuke. Mwenye mzio wa salfa, aliyewahi kumeza dawa ya salfa ngozi ikababuka, asiiguse. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo ipo kwa wingi katika nchi zenye malaria kama zetu, aseme, damu yake inaweza kuvunjika.

Lakini nilitaka kusema hili. Salfasalazini hupunguza mbegu za kiume. Mwanamume anakuwa mzima kabisa, hamu ipo, nguvu zipo, ila mbegu ni chache na hafifu. Akiacha dawa, akabadilishiwa nyingine, mbegu hurudi, kwa kawaida baada ya miezi miwili au mitatu. Sasa fikirini nyumba ya mwaka wa tatu wa ndoa isiyo na mtoto. Nani anapelekwa kwa waganga? Nani anaambiwa na wifi zake kwamba amekula chakula cha bure? Alikuja kijana mmoja dirishani kwangu na cheti chake cha salfasalazini, amekuwa akichukua miaka miwili. Siku hiyo alikuwa na mkewe, na mkewe alishika cheti chake mwenyewe, cha vidonge vya kuchochea yai. Niliviweka vyeti viwili mezani, kimoja kando ya kingine. Nikamuuliza kijana, "Kuna mtu amewahi kukueleza habari ya dawa hii na mbegu?" Alimtazama mkewe, kisha akaangalia chini. Mkewe hakusema neno, ila alikivuta kile cheti chake taratibu, akakikunja, akakirudisha kwenye mkoba. Nikawarudisha kwa daktari na barua. Mwanamke yule alikuwa amebeba lawama miaka miwili kwa jambo lililoandikwa kwenye kile kikaratasi kinachokuja ndani ya boksi.

Kikaratasi hicho nani amekiona? Boksi linafunguliwa famasi, vidonge vinahesabiwa, kikaratasi kinatupwa pamoja na boksi, na hata kingefika kimeandikwa Kiingereza cha wataalamu kwa herufi za chungu. Ninawadai wenzangu wa fani hii, na ninajidai mimi: mgonjwa wa dawa za miezi na miaka hastahili bahasha tupu.

Mesalazini ni mpole, wengi hukaa nayo miaka bila shida. Mambo mawili tu. Mara chache huumiza figo, na figo haziumi. Utajua kwa kipimo cha damu peke yake, kwa hiyo kipimo cha figo angalau mara moja kwa mwaka ni haki yako, kiombe. La pili linawachanganya hata madaktari: kuna watu wachache ambao mesalazini yenyewe huwaletea kuharisha, tumbo kusokota, na damu. Mtu anadhani ugonjwa umeamka, anaongezewa dozi, anazidi. Ikiwa umeanza dawa na ndani ya wiki chache hali imekuwa mbaya kuliko ulivyoanza, useme hivyo hivyo, kwa tarehe.

Methotreksati, kwa wenye ugonjwa wa Crohn, ule mwingine wa kuvimba utumbo. Nitasema polepole. Ni mara moja kwa WIKI. Tumezoea "kutwa mara moja", mkono wa anayeandika unaweza kuteleza, na sikio la mgonjwa pia. Akimeza kila siku inaua. Chagua siku, tuseme Ijumaa, iandike kwa maneno juu ya pakiti, na nyumbani wote wajue. Mwanamke anayetarajia mimba asiitumie hata kidogo.

Hapo nigeukie wajawazito, kwa kuwa kuna kosa la upande wa pili. Dada akijua ana mimba, jambo la kwanza ni kuacha dawa zote ili kumlinda mtoto. Mama mkwe anamuunga mkono. Ukiondoa methotreksati na nyingine chache, dawa nyingi za utumbo huendelea wakati wa mimba, na kinachomhatarisha mtoto zaidi ni ugonjwa kuamka ukiwa na ujauzito: mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, au mdogo kupita kiasi. Nenda kliniki kabla ya kuacha. Woga nao una madhara yake, na sisi tunaozungumzia madhara ya dawa tusipokuwa waangalifu tunaupanda wenyewe. Ndiyo maana nawakumbusha kwamba mwaka 1955 madaktari wa Uingereza, Truelove na Witts, walichapisha matokeo ya jaribio la kotisoni kwa wagonjwa 210 wa kolaitisi ya vidonda. Kabla ya hapo, ukishikwa na shambulio kali, familia ilikuwa inajiandaa kwa lolote. Waliopewa kotisoni walipona zaidi na walikufa wachache zaidi. Prednisoloni iliyomvimbisha uso mdogo wangu ni ya ukoo huo. Siwezi kuichukia.

Sasa sindano. Infliksimabu, dawa ya kushusha kinga ili utumbo utulie, ilianza kutumika Marekani mwaka 1998, na hapa kwetu wanaoipata ni wachache kwa sababu ya bei, lakini wapo, na wengine wenu mnatibiwa India au mna ndugu Muscat na Ulaya. Ipo habari yake ninayotaka muichukue nyumbani. Kufikia mwaka 2001 ziliripotiwa kesi 70 za kifua kikuu kwa watu waliopewa dawa hii. Wengi wao, 48, waliugua baada ya sindano tatu au pungufu. Na 40 kati ya wale 70, ugonjwa haukuwa kwenye mapafu peke yake au haukuwepo kabisa mapafuni: ulikuwa kwenye tezi, kwenye utando wa tumbo, kwenye mifupa. Mdudu alikuwa amelala ndani yao miaka, kinga ikimzingira, dawa ikamfungulia. Tangu hapo hakuna anayepaswa kupewa sindano hii kabla ya kupimwa kifua kikuu kilicholala, picha ya kifua, na homa ya ini ya B. Katika nchi yetu, ambako kifua kikuu kiko nyumba ya tatu, kipimo hicho hakiruki. Na dalili si lazima kikohozi. Jasho la usiku, kukonda, tezi za shingo, semeni.

Nilizitaja zile kesi 70 kwa sababu nyingine. Zilijulikana vipi? Kuna wagonjwa waliosema, na kuna madaktari waliojaza fomu na kuituma kwa mamlaka. Kila moja ilikuwa karatasi moja, kutoka mahali pamoja, ya mtu aliyejisumbua. Ndivyo tahadhari inayowalinda ninyi leo ilivyopatikana. Nasi tunayo njia hiyo: TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inapokea taarifa za madhara ya dawa, na Zanzibar ipo ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa. Haipokei za madaktari tu. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuripoti. Mwombe fomu mfamasia wako. Akishangaa, mwambie mfamasia mwenzake amekutuma.

Na mama aliyekuwa kwenye infliksimabu akiwa mjamzito, hili ni lako. Dawa hupita kwenye kondo, mtoto anazaliwa nayo kwenye damu na inakaa miezi. Kwetu mtoto anachomwa chanjo ya BCG, ya kuzuia kifua kikuu, begani akiwa na siku chache tu, ndiyo ile inayoacha kovu, na hiyo ni chanjo hai, yaani yenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Uingereza mtoto mmoja wa mama wa namna hii alichanjwa akiwa na miezi mitatu, chanjo ikasambaa mwilini, akafariki. Kisa hicho kiliandikwa mwaka 2010. Wodi ya wazazi hawatajua usipowaambia. Muuguzi anafanya kazi yake njema kama anavyoifanya kwa kila mtoto. Liandikwe kwenye kadi yako ya kliniki mapema, kwa herufi kubwa: mtoto asipewe BCG hadi daktari aseme. Chanjo zingine zisizo hai apewe kama kawaida. Kwa watu wazima pia, chanjo hai kama ya homa ya manjano haifai ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga. Unasafiri kwenda nchi inayoidai? Pata barua ya daktari kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Kwa haraka, vilivyobaki. Kabla ya steroidi, yaani prednisoloni na ndugu zake, za muda mrefu, omba kuchunguzwa au kutibiwa minyoo ya strongiloidi. Hukaa mwilini miaka bila dalili, na steroidi huiachia izaane hadi kuua. Metronidazoli ya miezi huleta ganzi na kuchomachoma nyayoni. Usingoje iishe, sema. Viungo vikiuma usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni za dukani, zinaweza kuamsha utumbo. Parasetamoli ni salama zaidi. Prednisoloni yote inywe asubuhi pamoja na chakula, usingizi utarudi kiasi. Ramadhani, kabla ya kufunga, njoo tupange upya saa za dawa, ziende daku au futari, msiruke dozi. Na mizizi ya mganga, sitamgombeza mtu, nakuomba tu uitaje. Nikijua unachokunywa naweza kukulinda.

Najua mtaniambia: daktari ana dakika tano na foleni ya watu sitini. Kweli. Nimekaa upande huo wa dirisha, najua unavyotamani mgonjwa aseme "sijambo" ili mwingine aingie. Na ninyi mnatusaidia kwa adabu zenu; mgonjwa wa Kiswahili akiulizwa hali husema "nzuri", hata kama usiku ameamka mara nane. Kwa hiyo msiende na moyo mtupu, nendeni na daftari.

Mdogo wangu amekaa safu ya tatu pale, ameniruhusu nimtaje. Daftari lake ni la shule, kurasa 48, lina jalada la karatasi ya kaki. Ukurasa wa kwanza ameandika dawa zote kwa jina na miligramu, na chini yake, kwa wino mwekundu, "Nikikutwa nimezimia: nimewahi kutumia prednisoloni." Kurasa zinazofuata kila siku ina mstari mmoja. Choo mara ngapi, damu ipo au haipo, dawa nimemeza au sikumeza, na jambo jipya mwilini. Siku ya kliniki anasoma mstari wa wiki mbaya kuliko zote, ndio wa kwanza. Haulizwi hali. Anasoma. Miaka sita, na mara mbili daftari hilo limeshika seli nyeupe zikishuka kabla hazijafika pabaya, kwa kuwa aliandika "koo" siku tatu mfululizo na akaona mwenyewe kwamba ni siku tatu.

Hapo mlangoni kuna meza mbili. Nimeleta madaftari 60 na kalamu. Wenzangu watatu wa famasi watakaa nanyi hadi saa saba. Toeni bahasha zenu kwenye mikoba, hata zile msizokumbuka zilikuwa za nini, tuzimwage mezani, tuandike jina la kila kidonge ukurasa wa kwanza. Wenye methotreksati na prednisoloni waanze meza ya kushoto.